Goti la Ushindi

Benchi letu liko nje ya chumba cha mashine za kufulia, hapa kwenye apatimenti za Euless, jirani na uwanja wa ndege, ambako ndege hupita chini kiasi kwamba kila dakika tatu lazima unyamaze au upayuke. Jumamosi asubuhi huwa tuko wanne. Elkana, Mkenya, ni nesi, ila tunamwita Daktari kwa sababu hashindwi ubishi wowote wa mwili wa binadamu. Placide wa Uvira, dereva wa foklifti ghalani, ni Kamanda. Mwatumu wa Tanga ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo ni Bi Chupa, na asiyemheshimu hunywa maji. Wa nne ni mimi. Jumamosi hiyo hakuna aliyekuja kufua. Ushindi, mtoto wa Mama Bernadette wa ghorofa ya pili, alikuwa ametangaza kwa video ya sekunde arobaini kwamba ameacha mpira. Ana miaka ishirini na sita!

KAMANDA: Mi naikataa. Naikataa kabisa! Huyu mtoto tulifika naye ndege moja. Alikuwa na miaka saba, hajui hata kama mpira ya hawa Wamarekani iko na umbo ya yai.

DAKTARI: Na kazi yake unaijua? Anapewa huo mpira mkononi, anaambiwa apenye katikati ya majamaa wa kilo mia na hamsini. Mwili unachoka, buda.

KAMANDA: Alipenya! Msimu wa kwanza kule Houston alipenya. Wa pili, ile siku ya mvua, alikimbia yadi makumi sita na mbili. Nikavunja kiti ya Mama Bernadette!

BI CHUPA: Na wa tatu goti likaenda. Si niliwaambia? Mwenda pole hajikwai.

DAKTARI: Kwa kazi hiyo, mwenda pole anaangukiwa na watu watano!

BI CHUPA: Basi, haraka haraka haina baraka.

DAKTARI: Mama, analipwa kwa hiyo haraka!

Ndege ikapita. Tukangoja, kila mtu na hoja yake mdomoni kama kipande cha muhogo wa moto.

KAMANDA: Bon. Shida ni Houston. Ile joto ya maji-maji inalainisha mifupa.

DAKTARI: Wacha zako. Dadangu Loice ako Pearland, hapo hapo kando ya Houston, miaka tisa, mifupa yake iko sawa. Shida ni kumrudisha uwanjani mapema. Miezi saba baada ya oparesheni! Na juu ya hiyo wakambadilishia viatu.

BI CHUPA: Viatu! Kapigwa jicho huyo. Ile nyumba aliyonunua mtaa wa Katy, huko huko Houston, vyumba vitano, nani alimtuma kuionyesha watu kwenye simu?

KAMANDA: Haiko jicho. Ni hizi ndege. Amekulia chini ya ndege. Mifupa inatetemeka, inatetemeka, siku moja inaachana.

DAKTARI: Kamanda, sisi sote tunakaa chini ya ndege!

KAMANDA: Na goti yako inakuuma ao haikuumi?

Daktari akaanza kulisugua goti lake. Kusema kweli, lilikuwa linamuuma.

Mimi nami sikuwa bora kuliko wao. Nilijua kijana alihangaika miaka miwili baada ya goti. Timu mbili zilimwita majaribioni, zote zikamwacha. Ya mwisho ilimpigia simu akiwa anakunywa uji, sanduku lake liko mlangoni. Wiki tatu sasa yuko kwa mama yake, akishuka ngazi kwa kushika chuma. Na bado nikasema:

— Si ajaribu timu ya tatu?

KAMANDA: Mwambie! Mchumia juani hulia kivulini. Yeye amekimbilia kivuli mapema!

Hapo akashuka ngazi binti mwenye begi la kazini. Hatukuwa tumemwona kabla.

— Habari zenu, wazee. Naitwa Zoé, nimehamia namba kumi na nne. Nafanya kazi kliniki ya mazoezi ya viungo. Mama Bernadette aliniomba nimletee mtoto wake bendeji ya kubana goti. Nimegonga, hafungui. Hanijui. Mama yuko kazini, hashiki simu. Nyinyi mnamjua?

— Ni mtoto wetu! tukasema wote.

— Vizuri. Ni goti gani, la kulia ao la kushoto?

Daktari akamtazama Bi Chupa. Bi Chupa akatazama kikombe. Mimi nikajaribu kumwona Ushindi anavyoshuka zile ngazi, nikaona chuma, nikaona mkono, mguu sikuuona.

Zoé alikuwa bado anangoja.

Kamanda ndiye aliyesimama. Akapanda hadi ghorofa ya pili, akagonga, akangoja, akagonga tena taratibu.

— Ushindi, mwanangu. Ni Papa Placide. Sikuja juu ya mpira.