Wimbo wa Sindano ya Goti

Jambo lililowashinda madaktari, lipeleke kwenye benchi la kahawa lililo ubavuni mwa duka la dawa. Halimalizi kikombe cha pili kabla halijapata jibu. Kulifuata jibu lenyewe ni shauri lako. Asubuhi ile jambo lililetwa na Fundi Saa, ambaye meza yake iko hatua mbili kutoka kwenye benchi, na ambaye kwa kawaida haongei sana kwa kuwa jicho moja limo ndani ya lenzi. Siku hiyo lenzi ilikuwa mezani. Mkewe alitakiwa akachomwe sindano ya goti saa tisa alasiri, na alikuwa ameapa haendi. Sindano zilikuwa tatu. Ya kwanza aliivumilia. Ya pili, wiki iliyopita, aliiona tu mkononi mwa daktari, akashuka kitandani, akatoka kliniki peku na kuwaachia viatu. Mwanamke aliyekuwa hapandi ngazi bila kushika ukuta, siku hiyo aliruka mtaro. Fundi alicheka mpaka machozi, halafu jioni yake akamsikia akilia chooni, goti limevimba, na hamu ya kucheka ikamtoka kabisa.

— Muuguzi kanipigia simu, alisema Fundi. Kasema nimrudishe leo, ila safari hii niende na wimbo kwenye simu. Watamvalisha hedifoni, asikilize, wao wafanye kazi yao. Eti mgonjwa akisikia muziki moyo unatulia, mwili unalegea, sindano haimtesi sana.

— Wimbo gani? aliuliza Injini, dereva wa malori mstaafu, mwenye sauti inayowaka kwa shida asubuhi.

— Ndiyo nawauliza nyie.

Hapo ndipo alipokosea. Watu wale usiwaambie unawauliza.

— Weka kitu cha kasi, alisema Kinyozi, aliyekuwa ameacha kichwa cha mtu dukani kwake, nusu kimenyolewa. Mimi mtoto akinililia kwenye kiti namfungulia ngoma ya kasi, anasahau kilio, anaanza kutikisa kichwa.

— Ndiyo maana watoto wa mtaa huu wote wana ngazi kisogoni, alisema muuza kahawa.

— Kasi haifai, alisema Injini. Tarumbeta. Muwekee bendi ya gwaride. Ukisikia tarumbeta mwili wenyewe unasimama mguu sawa, utake usitake.

— Goti likikakamaa, sindano si itakatikia humo humo?

Huyo alikuwa Hakimu. Mahakamani hajawahi kuingia hata kama shahidi, lakini hakuna kesi pale kijiweni isiyopita kwake.

— Umewahi kuchomwa goti wewe? aliuliza Injini.

— Sijawahi. Nisikilizeni. Mtu hawezi kukasirika na kuumwa kwa wakati mmoja, nafasi haitoshi. Mtafutie wimbo anaouchukia kuliko zote. Atakuwa anakulaani wewe, daktari anamaliza taratibu.

— Na nyumbani nirudi na nani?

— Hilo ni shauri jingine. Lilete kesho.

— Mbona mnamsahau daktari? alisema Kinyozi. Anayeshika sindano ndiye wa kutulizwa. Hedifoni apewe yeye, mkono usitetemeke.

— Akianza kucheza je? aliuliza muuza kahawa.

— Basi wapewe wote wawili, wimbo mmoja, waende sawa.

Injini aliweka kikombe chini. Ilionekana amefika mahali ambapo wengine hawajafika.

— Jamani, maumivu yako wapi? Gotini. Sasa masikio yana kosa gani? Spika ifungwe gotini. Goti lisikie lenyewe.

Benchi zima likacheka, na Fundi naye akacheka, kisha akatazama saa zilizotundikwa juu ya meza yake. Zile nzima zote zilisema saa nne. Kwenye kikaratasi alikuwa ameandika: kasi, tarumbeta, anaouchukia. Akakikunja.

— Mimi sitanii, ndugu zangu. Daktari kasema tukiziacha hizi sindano, goti litabaki hivyo hivyo. Jana kaniomba nimwinulie beseni. Halafu akaniomba radhi. Mke wangu, ananiomba radhi kwa sababu ya beseni. Naogopa, kusema kweli.

Injini alimshika bega.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama pale na saa ya ukutani kwapani. Alikuja kubadilisha betri, na tangu aje hakuna aliyemtazama.

— Samahani, baba, alisema. Kwani mwenyewe anapenda wimbo gani?

Fundi alijua mkewe anavaa kiatu namba ngapi. Alijua chai anaitaka kavu, na kwamba akinyamaza sana ana jambo. Miaka ishirini na sita. Wimbo hakuujua. Aliwatazama wenzake wamsaidie. Kinyozi alikuwa anachungulia kikombe chake, bila shaka akimtafuta humo mke wake mwenyewe.

— Swali hilo, alisema Hakimu, halijaletwa mbele yangu.

Fundi akachukua simu. Ilikuwa kuukuu, ukimpigia mtu benchi zima linasikia.

— Mama watoto, wewe unapenda wimbo gani?

— Unaumwa?

— Mzima. Niambie tu.

— Nani kakuuliza?

Angeweza kudanganya.

— Mteja. Kaleta saa ya ukutani.

— Mwambie huyo mteja nashukuru.

— Na wimbo?

— Ule niliokuwa naimba nikifua, tulipokuwa tunakaa kile chumba kimoja. Siku moja ukaniambia ninyamaze, taarifa ya habari imeanza.

— Mimi?

— Wewe. Sikununa. Niliacha tu.

Fundi aliketi kwenye ncha ya benchi. Alikumbuka kile chumba, alikumbuka na redio, lakini wimbo hakuukumbuka hata kidogo.

— Nitaupata kwenye simu? aliuliza.

— Hauko kwenye simu. Ni wa mama yangu.

— Basi nifundishe. Tuna saa tano nzima mpaka saa tisa. Nitakuimbia mimi, sikioni.

— Wewe? Mbele ya daktari?

— Mbele ya daktari.

Mkewe akacheka kidogo, akakohoa, akasema sauti yake imeshachakaa. Kisha, polepole, akaanza.

— Kwa maoni yangu, alisema Hakimu, wimbo wa namna hiyo...

— Nyamaza, alisema Fundi Saa. Mke wangu anaimba.