Namba ya Ukutani Si Tasa

Mheshimiwa Diwani Lakhbir, Mwenyekiti wetu Mama Sabine, Katibu Haroun, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti: namba mliyoipaka ukutani nyuma yangu, mkaiita namba tasa ya Mzee Maulid, si namba tasa. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, nikalificha.

Mama Sabine, usinizimie kipaza sauti. Sijamaliza.

Wiki iliyopita viongozi wangu wa jumuiya walinong'ona karibu na kiti changu cha magurudumu, wakidhani sisikii. Miguu imekwisha, masikio mazima. Walikuwa wameshaambiwa ukweli na mhadhiri aliyeikagua namba. Mama Sabine akasema, "Tuiache tu vile. Papa akishaenda, tutapaka ingine." Akishaenda! Papa huyo ni mimi, kana kwamba nasubiri basi la Perry Barr. Naye Haroun akamcheka mke wangu: "Haya si mambo ya marehemu Bi Asmahan? Yule alikuwa anatia chumvi hata kwenye chai."

Hapo ndipo nilipoamua kusema leo, ingawa daktari amenikataza hata kuinua sauti.

Ndugu zangu, hii ni namba gani? Chukua mbili, uizidishe kwa mbili tena na tena, mara mamilioni, kisha utoe moja. Hapo ukutani mmeipaka kwa ufupi tu; ikiandikwa yote, kuta za jengo hili hazitoshi. Kuna jaribio lake: unaanza na nne, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawa kwa namba yako na kushika baki tu; unarudia hivyo hivyo mpaka mwisho. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lisipokuwa sifuri, inagawanyika. Kwa namba zipi? Jaribio halisemi, na mpaka leo hakuna anayevijua vigawo vya namba hii. Kwa hiyo isifutwe! Futeni neno "tasa", muwaachie vijana wavitafute hivyo vigawo. Mimi sioni haya kwa namba iliyonishinda.

Kompyuta yangu ilinguruma chumbani ikifanya jaribio hilo, hapa hapa mtaani kwetu Aston, majira yote ya baridi. Wageni wakamdhihaki mke wangu: "Bi Asmahan, mumeo anapika nini humo?" Naye: "Anapika namba. Wako anapika nini?" Alikuwa mgonjwa tayari, na kila akirudi kutoka hospitali, hata koti hajavua, aliniuliza: "Mwalimu, imetoa sifuri?"

Halafu, kwenye harusi ya jirani yetu Shemsa, akasimama kwa shida na kuwatangazia nyote kwamba mumewe amepata namba tasa ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuipata. Mkapiga vigelegele. Leo mnasema alitia chumvi. Yuko kaburini, hawezi kujitetea. Mimi bado nina pumzi, na sitakubali jina lake lichafuke ili langu libaki safi juu ya mlango wa chumba hiki mnachokifungua. Mkitaka kuling'oa, bisibisi ipo.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Haroun, nitazame. Siku jaribio lilipokwisha, baki halikuwa sifuri. Asmahan aliingia, akaniuliza kama kawaida yake, na mimi, kwa kinywa changu hiki, nikamwambia ni sifuri.