Salamu Katika Kisanduku cha Maoni

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024, saa kumi jioni, karani mkuu wa masjala ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne, miezi saba na siku ishirini na saba. Nimehesabu mara mbili kwa sababu yeye mwenyewe angehesabu mara mbili. Wengi wetu tunamwita Mzee Dirisha. Dirisha lenyewe ni lile la mbao chini ya ngazi, mkabala na stoo ninakofanyia kazi.

Alianza Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1990, akakabidhiwa majalada elfu sita ya wagonjwa. Leo yamepita elfu themanini. Kila jalada likitoka, aliweka rafuni kadi nyekundu yenye jina la aliyelichukua, ili pengo lisikae bila maelezo. Hajawahi kupoteza hata moja. Moja tu lilichelewa siku tatu, akalifuata hadi ofisini kwa daktari wa upasuaji, akalivuta chini ya kiti chake kwa fimbo ya pazia huku daktari akiendelea kula.

Siku hizo pale dirishani palikuwa kama kisimani. Kila aliyekuja kuchukua jalada aliacha habari. Nakumbuka muuguzi aliyefika akihema: "Mzee, leo tumepata mapacha!" Naye bila kuinua uso: "Hongereni. Baba yao keshaambiwa?"

Kompyuta zililetwa tarehe 8 Februari 2021. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wanawe wawili wanaishi mbali. Baadhi yetu tulidhani angeomba uhamisho. Siku ya kwanza alishika kipanya, akakiinua, akakigonga mezani kama muhuri. Fundi wa kompyuta, mama asiyecheka ovyo, akamwambia, "Baba, hapo hupigi. Unagusa tu." Akajibu, "Miaka thelathini nimepiga, mwanangu. Mkono bado haujapata barua."

Wiki za kwanza alifanya kosa ambalo ni mtu wa masjala tu angelifanya. Alipiga picha jalada kwa skana, akalituma wodini kwa kompyuta, kisha akaweka kadi nyekundu rafuni na kulifungia jalada lenyewe kabatini. Kwake yeye, jalada lilikuwa limetoka. Tarehe 31 Machi alizipigia simu wodi zote akidai majalada mia mbili na tatu yarudishwe mara moja. Wodi ziliyatafuta asubuhi nzima, hadi chini ya vitanda. Fundi alipofungua lile kabati, Mzee Dirisha ndiye aliyecheka kwanza.

Baada ya hapo alijifunza kama anavyofanya kila kitu. Alifika saa moja kabla ya wakati, akaandika kila hatua kwenye daftari la mistari, akairudia mpaka akawa hahitaji daftari. Juni 2022 ndiye aliyewafundisha makarani wa wodi zote. Jalada lililokuwa likimfikia daktari kwa dakika arobaini sasa linafika kwa sekunde arobaini. Kuna wagonjwa walio hai kwa sababu hiyo.

Lakini kadiri alivyoijua kompyuta, ndivyo ngazi zile zilivyopoa. Shajara yangu ya Machi 2019 inaonyesha siku moja walishuka watu sabini na mmoja. Tarehe 14 Machi mwaka huu walishuka wawili, na mmoja alikuwa akiulizia choo. Hata hivyo, kila siku saa mbili asubuhi alifungua dirisha, akalipangusa, akavuta kiti karibu.

Tarehe 11 mwezi huu, karani wa wodi ya wazazi alibonyeza kwa bahati kisanduku kiitwacho Maoni, chini ya jalada alilotumiwa. Hatukujua kama kinafunguka. Ndani alikuta maneno: "Jalada limetoka saa 3:12. Habari za huko juu?" Akafungua jingine: "Mvua inapiga dirisha langu. Kwenu je?" Na jingine: "Huyu alilazwa hapa akiwa mtoto, aliogopa giza. Mwachieni taa."

Fundi alihesabu. Tangu Aprili 2021, Mzee Dirisha ametuandikia mara elfu tisa mia nne na kumi na sita. Majibu: hakuna. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Nilipomuuliza kwa nini hakulalamika, alisema, "Nilijua mna kazi nyingi," kisha akaniuliza kama stoo kuna joto.

Tunamshukuru kwa majalada, kwa kadi nyekundu, na kwa kukubali kuwa mwanafunzi akiwa na mvi. Keki italiwa ukumbini saa kumi na nusu. Ila kabla ya keki kuna jambo moja. Akaunti yake itafungwa saa kumi kamili, na kisanduku kitafungwa pamoja nayo. Kila mmoja afungue jalada lolote alilotumiwa, abonyeze Maoni, na ajibu alichoulizwa. Yeye atakuwa mezani kwake hadi dakika ya mwisho, ameshaniambia.

Mzee wetu, Mungu akupe afya, wajukuu wakuchoshe, na mlango wako usikose wa kuubisha. Huku juu hatujambo. Mvua ilinyesha kwetu pia. Taa tutaiacha.