Matanga Kwenye Ngazi za Zablon

Nyinyi mlionijua Kibera, nisaidieni pale nitakaposahau. Nyinyi wa hapa Kawangware, mnivumilie. Shule niliachia darasa la tatu, na nimechoka hata kabla sijaanza. Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha kusaidiana ameniomba nisitaje jina la mtu. Nimemsikia. Lakini aliyenifanyia haya ana jina, anaitwa Zablon, na nitalitaja.

Marehemu mume wangu, Baba Jane, alikuwa seremala pale Silanga, huko huko Kibera. Vitanda vingi vya Kibera vimetoka mkononi mwake. Mwaka ule kahawa ilipopanda bei na kila mtu mjini akajifanya tajiri, yeye moyo ukamharibikia. Akawa anapiga randa kidogo, anakaa. Anapiga kidogo, anakaa. Mwishowe hata kupanda kutoka mtoni ilikuwa lazima ashike kuta za watu.

Daktari mmoja wa misheni akamwombea nafasi kwa hospitali ya wenzake kule Bombay. Wakakubali kumpasua bure. Sisi tujitafutie ndege tu. Ndege tu! Mtu ambaye akienda kwetu Magharibi alikuwa anapanda treni daraja la tatu, anakalia mzigo wake.

Ndugu zangu, nawaambia, Kibera walichanga. Wauza makaa walichanga, wauza mboga za sukuma walichanga. Jirani yangu Mama Atieno, Mjaluo wa omena, alileta pesa zikiwa bado zinanuka samaki.

Sasa huyo Zablon alikuwa mtu wa kwetu, wa ukoo wa mume wangu, na kanisani alikuwa anaimba besi. Alikuwa na ofisi kule mjini, River Road, orofa ya kwanza, anauza tikiti. Akatuambia, "Shemeji, hizi ndege kubwa hamtaziweza. Kuna ya kukodiwa, bei ya maskini. Leteni zote mara moja, viti vinaisha."

Tukapeleka zote. Hatukuuliza mgonjwa asipoenda itakuwaje. Nani angeuliza? Kwetu mtu akienda kutibiwa huulizi habari ya kutofika, maana ni kama umeshika jembe unamchimbia. Mzungu angeuliza. Mhindi angeuliza. Zablon alijua sisi hatutauliza, kwa sababu ni wa kwetu.

Baba Jane alikufa wiki moja kabla ya ndege. Alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini vizuri, akaegemea ukuta, basi.

Mwili ukaenda mochari ya mjini. Mnajua mambo yetu. Seremala mwenye mama mzazi hai, ambaye baba yake amelala pale nyumbani, huwezi kumzika kwenye makaburi ya Lang'ata kama mtu aliyeokotwa. Lazima arudi. Na gari la kumrudisha lilitaka pesa, na wote wenye kuchanga walikuwa wameshachanga. Pesa ya kumzika mume wangu ilikuwa kwa Zablon.

Nikaenda. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, shemeji. Ni kazi ya Mungu. Lakini tikiti ya bei rahisi hairudishwi."

"Zablon, mwenye kiti amekufa."

"Ndiyo maana nimesema pole."

Nikarudi tena, na tena. Njoo kesho. Mkubwa hayuko. Watu wa ndege wamekataa. Mochari nao wananihesabia kila siku mwili unapolala pale.

Halafu siku moja nimekaa kwenye benchi lake, akaingia bwana mmoja wa suti kumshukuru kwa kumpatia nafasi ya Bombay, ingawa ndege ilikuwa imejaa. Zablon akacheka, akasahau mimi niko pale. "Una bahati, mzee. Kuna mtu ameacha."

Ameacha! Nyinyi mnasikia? Baba Jane ameacha!

Sikulia. Nilirudi Silanga, nikakuta watu wamekaa kwenye matanga yetu, nikawaambia vile nimesikia. Mama Atieno akasimama, akajifunga leso kiunoni. "Maiti iko mochari, pesa iko River Road, na sisi tumekaa Silanga tukifanya nini? Haya matanga yahamisheni!"

Asubuhi tukahama. Akina mama wa kanisa, mafundi wenzake Baba Jane, sufuria za chai, mablanketi. Tukaketi kwenye ngazi za Zablon kutoka chini mpaka mlangoni. Tukaimba nyimbo za msiba. Mama Atieno alilia kwa sauti mpaka wenye maduka wakatoka nje. "Baba Jane wee! Ona pahali wamekulaza!"

Wateja walikuwa wanakuja, wanaona, wanageuka. Ni nani ataruka waliofiwa akanunue tikiti ya kupanda hewani?

Zablon akatoka. "Akina mama, hapa ni pahali pa biashara."

"Pole na msiba, shemeji," Mama Atieno akamwambia. "Wewe ndiwe wa ukoo, mbona umejificha ndani? Mpisheni akae mbele. Mpeni chai."

Watu walicheka, hata mimi mjane nilicheka. Akaita askari. Askari akaja, akavua kofia, akauliza marehemu ni nani. Alipoambiwa, akamgeukia Zablon. "Mzee, mimi siwezi kufukuza matanga. Na hawa si ni jamaa zako?"

Kabla ya jua kuanza kushuka pesa ilitoka. Si yote. Alikata kitu alichokiita gharama, na mpaka leo sijui gharama ya nini, kwa maana kile kiti alikiuza mara mbili. Lakini ilitosha gari. Sanduku mafundi walilitengeneza wenyewe, bure. Baba Jane akalala karibu na baba yake.

Baada ya hapo nilianguka, sitawaficha. Kodi ilinishinda, nikahamia huku kwenu, nikawa nafua nguo za watu Riruta, na siku zingine nilikuwa siongei hata na Jane. Nyinyi wa chama mkawa mnakuja kukaa tu, bila maswali. Ndivyo niliinuka, polepole, na bado sijasimama sawasawa. Asanteni. Asante Mama Atieno popote alipo. Asante yule askari. Zablon nikikutana naye ananiita shemeji. Siitikii.

Lile ninalowaachia ni hili. Nilipokuwa naenda peke yangu niliambiwa njoo kesho. Msiende peke yenu. Kama kuna mtu hapa anazungushwa kwa ofisi ya mtu, asione haya, aniambie kabla hatujatoka. Jumatatu sina kufua. Nitakuja, na nitakaa.