Kaimu wa Miezi Mitatu: Maisha ya Mwalimu Gaudensia Bura (1961–2025)

Ndugu waombolezaji, ninayesoma ni Nicodemo, mdogo wake marehemu. Mnivumilie nikisoma polepole.

Mwalimu Gaudensia alizaliwa Tumati tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya sita wa mzee Ignasi. Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu. Mwaka 1983 alipangiwa Balangdalalu, akafundisha huko miaka thelathini na minane. Mwaka 1986 alifunga ndoa na Maximilian Bura, aliyetangulia mwaka 2015. Walijaliwa Gerald na Judica.

Alistaafu Machi 2021. Mwezi uliofuata, bodi ya mradi wa hisani unaopeleka vishikwambi shule za msingi ilimwomba akaimu uratibu kwa miezi mitatu, wakati wanatafuta kiongozi. Alikaimu karibu miaka minne.

Siku za mwanzo alimnyang'anya binti mmoja wa wafugaji kishikwambi ili amwonyeshe jinsi ya kukitumia. Yule binti hakurudi shuleni wiki nzima. Tangu hapo marehemu alitembea darasani mikono ikiwa mgongoni, na kila aliyeomba uongozi alimpeleka darasani kwanza. Walikuja wanane, wenye vyeti vizuri kabisa. Wote walimpokonya mtoto kishikwambi kabla ya dakika mbili. Wa tisa, Angela, mwalimu wa kujitolea kutoka Katesh, alichuchumaa akasubiri mpaka mtoto akafungua somo mwenyewe. Dada alirudi nyumbani akiimba. Bodi ikasema Angela hana shahada.

Mwaka jana alianza kuumwa tumbo. Nilimwendea.

"Shikamoo dada. Twende hospitali."

"Marahaba. Nikilazwa, shuleni ataenda nani? Ngoja kwanza wampate mtu."

Tukangoja. Aliiandikia bodi barua tatu akimtaja Angela. Alipokubali kulazwa, mwezi wa kwanza mwaka huu, daktari alisema tumechelewa. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, bado akiwa kaimu. Nilidhani leo ningekuwa na hasira, kumbe nimechoka tu.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake, na vishikwambi sitini vilivyofungiwa kabatini, maana hakuna aliyekabidhiwa funguo. Wajumbe wa bodi mmekaa hapa mbele. Tunawashukuru kwa shada la maua. Msiondoke kabla ya kula. Anayewapikia, kule nyuma ya nyumba, ni Angela.

Dada, zamu yako imekwisha. Sasa pumzika kwa amani.