Semeni Ukasha Kondo, Aliyeng'arisha Magari ya Kibiti

Assalaam alaykum, ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji. Historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Bwana Abdalah Sadala, nasi wa ukoo wa Kondo tumepewa kuisoma.

Semeni alizaliwa Mbuchi, Rufiji, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mzee Ukasha Kondo na Bi Mwamini, wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1987 hadi 1993, na mwaka 1999 akaenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa rangi za magari, kisha mwaka 2001 akaajiriwa katika karakana moja ya Tandika, mwanamke pekee, ambako mafundi wenzake walimtania kwamba dada wa Rufiji kazoea kupaka hina, si bodi la gari, naye akawaambia walete hina yao washindane kung'aa.

Tarehe 12 Agosti 2006 aliolewa na Bwana Abdalah, mpima ardhi, wakahamia Kibiti, wakajaliwa mabinti wawili, Kudra, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2008, na Warda, tarehe 21 Oktoba 2012.

Juni 2014 alifungua karakana yake kando ya shamba la mikorosho la Mzee Mtoro, na kazi ya kwanza ilikuwa pikapu ya mchuuzi wa kamba, akaipiga klia, ule mpako wa mwisho usio na rangi unaoleta mng'ao, asubuhi tulivu isiyo na upepo, kumbe asubuhi kama hiyo ndiyo wakulima wa korosho huitaka kwa kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, unga huo ukavuka uzio ukatua juu ya klia mbichi, pikapu ikatoka imeparara kama iliyomwagiwa unga wa muhogo. Mji ukasema mwanamke kaharibu gari la watu. Semeni aliikwangua yote kwa msasa, akairudia, wala hakwenda kugomba, bali alimpelekea Mzee Mtoro kanga, wakakubaliana aitundike uzioni kila akishamaliza kupuliza na vumbi likatulia, na katika msimu wa salfa, siku isiyo na kanga karakana haipigi klia, hata bwana harusi awe anasubiri.

Jina lake likarudi, likavuka hadi Ikwiriri. Alichagua klia ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu, akaikataa ile ya kopo moja inayopauka juani, siku za mvua hakupiga kwa kuwa unyevu huifanya klia iwe na ukungu, alimwagia sakafu maji kulaza vumbi, akapiga mkono wa kwanza mwepesi, akangoja ushike, ndipo akapiga wa pili uliolowa, na wenye haraka aliwaambia, "Kamba ndio wanaooza, baba, gari halichachi."

Novemba 2024 figo zake zilianza kushindwa, akatibiwa Kibiti na Dar es Salaam, na Mei 2025 akaomba arudishwe nyumbani, huku karakanani kumebaki gari moja ambalo halijapigwa klia, gari la msikiti la kubebea jeneza, na hofu yake ilikuwa moja, kazi isije ikalipuliwa harakaharaka kwa kumhurumia yeye. Jumanne tarehe 10 Juni, kanga ilipotundikwa, alibebwa kwa kiti hadi karakanani, akamsimamia fundi mwenzake, Habiba, mpaka mkono wa mwisho, na kesho yake akaonyesha kwa kidole punje ya vumbi karibu na mlango wa nyuma, ikasuguliwa, ikang'arishwa, akasema sasa basi. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, alfajiri, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na Habiba pamoja na mafundi wote wa karakana. Mzee Mtoro tunamshukuru kipekee, kwani leo hakupuliza salfa, lakini kanga ameitundika.

Gari litakalomchukua liko hapo nje, mwenye shaka akajitazame uso kwenye bodi lake.

Pumzika kwa amani, Semeni, kazi yako imekauka vyema.