Maisha ya Mwalimu Rudrappa Hadimani na Bustani Alimokataa Kuzikwa

Mtukufu Swami, baba mkubwa Channappa, walimu mliofundisha naye, majirani wa Kadalagere na nyote mliotoka mbali, mimi ni Shivaleela, mtoto wa pekee wa marehemu, nimeambiwa nisome historia ya Appa, baba yangu, nisome tarehe na majina kisha nikae chini, na nitasoma, ila mnivumilie, mwanangu ana miezi minne na tangu jana naambiwa mwenye kunyonyesha hasimami mbele ya maiti, na tena kuna lile shimo lililochimbwa bustanini chini ya mkwaju, mmeliona wakati mnaingia, Appa hakulitaka, aliniambia mimi kwa kinywa chake, na nikifika hapo nitasema alivyosema.

Mwalimu Rudrappa Basalingappa Hadimani, huyu tuliyemketisha mbele yenu kama tunavyowaketisha wafu wetu wote, na majivu matakatifu kwenye paji la uso, alizaliwa hapa Kadalagere tarehe 3 Novemba 1955, mtoto wa pili wa mzee Basalingappa na Bi Siddavva, watu wa mtama na ng'ombe wawili. Siku zile kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la kusagia, wanawake wanaamka kabla ya jogoo, wawili wawili wanakaa wakitazamana, mkono mmoja juu ya mpini mmoja, wanasaga na kuimba, na Appa akiwa mdogo alilazwa mapajani mwa mama yake wakati anasaga, kwa hiyo alikuwa akituambia kwamba usingizi wake wote wa utotoni ulikuwa usingizi wa kutikiswa, na ukubwani hakuwahi kupata tena usingizi kama ule, alilala tu kwa sababu watu hulala.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha mwaka 1969 akapelekwa sekondari mjini Gadag, akakaa kwa mjomba wake aliyeuza kamba. Aliporudi likizo mwaka 1971 alikuta mashine ya dizeli ya kusaga imefungwa karibu na stendi ya basi, na lile jiwe la nyumbani limelazwa kifudifudi kando ya kisima, mama yake anapigia nguo juu yake. Akamwuliza, "Avva, sasa unaimba saa ngapi?" Mama yake akamjibu, "Niimbe nini, mwanangu, mashine inaimba yenyewe, tena haichoki!" Wanawake kisimani wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, na Bi Siddavva alikuwa na haki ya kucheka, viganja vyake vilikuwa na sugu nene kama kwato, Appa alilijua hilo na hakuwahi kuisema vibaya mashine, lakini aliniambia kwamba siku ile alitembea mpaka bwawani akakaa peke yake, hajui analia nini.

Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha sanaa Dharwad, na tarehe 9 Agosti 1974, akiwa huko, mama yake akafariki kwa homa, taarifa ikachelewa, basi likachelewa, akafika amekwisha kuzikwa. Bi Siddavva hakuwahi kupigwa picha hata moja. Kijana anayejifunza kuchora nyuso za watu hakuwa na uso wa mama yake, na nadhani, ndugu zangu, mengine yote aliyofanya Appa yalitokea hapo.

Alihitimu mwaka 1978, mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa mwalimu wa kuchora katika sekondari ya serikali, akafundisha hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2015. Tarehe 12 Mei 1988 alimwoa mama yangu, Neelavva, wakakaa miaka kumi na mitatu bila mtoto, na mama yangu alisemwa sana kwa hilo, kisha tarehe 22 Februari 2001 nikazaliwa mimi, wa kwanza na wa mwisho. Mama alitutoka mwaka 2012, nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukamzika katika shamba la chini, kwenye udongo mweusi, na kila mwaka Appa alipanda mtama kulizunguka kaburi kwa mkono wake, trekta hakuliruhusu kukaribia.

Bustani aliianza mwaka 1994, katika ule mgao wake wa urithi kando ya bwawa, mwamba mtupu. Baba mkubwa Channappa unanisikia, na unakumbuka ulivyomtania, "Mdogo wangu, wenzio wakipewa mawe wanalia, wewe umepewa mawe unapanda watu?" Na kweli alipanda watu. Alisuka nondo, akavisha wavu wa chuma, akapiga saruji, akapaka rangi, na kila aliyemtengeneza alimtafuta kwanza yule mwenyewe au mtoto wake, akamwomba aje akae, afanye ile kazi ambayo hakuna anayeifanya tena, mng'oa meno wa sokoni, mwenye ng'ombe wa kubashiri, kipofu wa zumari, mkunga. Na kumzunguka kila mmoja alipanda mimea yake, mkunga ana mbarika na mwarobaini, muuza bangili ana mhina, na mbegu alizitafuta kwa miguu vijiji vya mbali, mtama mwekundu ambao hakuna duka linaloujua, maboga ya kutambaa juu ya paa, maua ambayo bibi zenu walivaa kwenye nywele. Muuza bangili ni Bibi Kashavva, yule pale aliyempakata mwanangu, alipoonyeshwa sanamu yake akaizunguka mara mbili akasema, "Mwalimu, pua ya nani hii, yangu niliisahau nyumbani?" Appa akambomoa pua akaianza upya, na Bibi Kashavva mpaka leo anasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Mama yake hakumtengeneza mpaka alipostaafu. Aliikumbuka mikono yake, aliyakumbuka mapaja yake, uso hakuwa nao. Basi akalitoa lile jiwe kisimani, akaligeuza, akalitengenezea mpini, akaketisha mbele yake mwili wa saruji usio na kichwa, mkono mmoja juu ya mpini, upande wa pili akauacha wazi, akawaomba wanawake wazee waliomfahamu mama yake waje waimbe. Wakaja, wakajaribu, wakashindwa, maneno yamepotea, wanatazamana tu na kuona aibu. Ndipo Bibi Kashavva akakaa mahali palipo wazi, akashika mpini, akazungusha kwa mchezo tu, na wimbo ukatoka, ubeti baada ya ubeti, mikono ndiyo iliyokuwa imeukumbuka. Kuanzia hapo walikuja kwa zamu, Appa anaandika nyimbo na huku anafinyanga uso, kwa sababu wakiimba walikumbuka na mengine, "Shavu lilikuwa limebonyea hapa, Mwalimu, na akifika ubeti huu alikuwa anafumba jicho la kushoto, unga ulikuwa unamwingia."

Macho ya sanamu hufunguliwa mwisho, mnajua, na Appa aliyapaka siku moja ya Juni mwaka 2016, mwaka wa ukame, bwawa limepasuka, na jioni ile ile mvua ikanyesha. Ikawa basi. Kesho yake asubuhi Bi Siddavva ana poda nyekundu kwenye paji la uso, ana nazi miguuni, ana udi, wiki haijaisha ana uzio wa mianzi, na watoto waliokuwa wamezoea kupanda mapajani mwake, maana Appa aliyaacha matupu makusudi, mapana, watoto wakae, wakafukuzwa kwa fimbo, "Shuka wewe, unamkalia mungu!"

Appa alikasirika kama sijawahi kumwona. Kila Jumanne na Ijumaa wanawake wanapaka poda, kila Jumatano na Jumamosi Appa anasugua kwa brashi na sabuni ya nguo. Bibi Kashavva akamjia juu, "Umemfungua macho mwenyewe, akatuletea mvua, sasa unamnyima hata nazi? Mwana gani wewe?" Appa akamjibu, "Mama yangu hakuwahi kula nazi nzima maishani mwake, alikula mkate wa mtama na chatini ya vitunguu saumu. Kama mnampenda, mleteeni huo." Alisema kwa hasira tu, jamani, hakutegemea lolote. Ijumaa iliyofuata wakaja na mikate ya mtama, ya moto, imefungwa kwenye vitambaa, wakaiweka mapajani mwake, na watoto waliotoka shule na njaa wakaruka uzio wakapanda wakaila yote, na wanawake wakatazama, hakuna aliyeinua fimbo, nani atampiga mtoto anayekula. Uzio ukaoza wenyewe. Tangu hapo kila Ijumaa mnajua ilivyo, jiwe linazunguka, wimbo unaimbwa, watoto wanagombania mapaja, na Appa amekaa kwenye mwamba na kofia yake, hafanyi kitu, anasikiliza, na nilikuwa nikimwangalia naona kabisa kwamba bado haimtoshi, kwamba kile anachokisikiliza kiko nyuma ya wimbo, mbali kidogo, na hakifikiki.

Mimi niliolewa tarehe 4 Desemba 2022 na Bwana Mallikarjun wa Haveri, nikarudi kwa Appa mwezi Mei mwaka huu kujifungua, kama binti anavyorudi kwao kwa mtoto wa kwanza, na tarehe 17 Juni akazaliwa Inchara. Kifua cha Appa kilikuwa kimeanza kumsumbua tangu Februari, vumbi la saruji la miaka yote ile, alilazwa Hubballi mara mbili, mara ya pili akaomba arudishwe nyumbani. Alikuwa akimlaza Inchara mapajani mwake, anayatikisa taratibu, hana pumzi ya kuimba, mtoto analala. Alifariki jana Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, hapo barazani, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Sasa nimefika. Juzi mchana aliniita, akasema, "Leela, watanizika bustanini. Usikubali." Nikamwuliza kwa nini, Appa, si ni kazi ya mikono yako? Akasema, "Wakiniweka pale watajenga kijumba. Wakijenga kijumba watatundika kengele. Ikishatundikwa kengele, mtoto hapandi tena mapajani mwa mama yangu." Akasema apelekwe shamba la chini kwa Neelavva, na sanamu yake isitengenezwe. Basi.

Niliyasema haya jana kwa wakubwa, na sikusikilizwa, na sitamlaumu mtu, mnampenda, mnataka awe mahali pa heshima, mnataka kijiji kiwe na kaburi la mtu wake mkubwa ambalo wageni watalizuru, baba mkubwa aliniambia kwa upole kabisa, "Wewe mwanangu soma tu, mambo ya kaburi tuachie." Usiku sikulala. Mimi ni mtoto wa kike, nimeolewa mbali, maziwa yananikauka kwa hofu, na nyie ndio mtakaobaki na makaburi ya wazazi wangu, nitawapingaje? Lakini Appa hana mwingine wa kumsemea. Na desturi yetu inasema konzi ya kwanza ya udongo ni ya mtoto wake, na mtoto ni mimi, na mimi mkono wangu hautatupa udongo katika shimo lile chini ya mkwaju, naogopa kuyasema haya mbele ya Swami, naogopa sana, lakini hautatupa.

Na kuna jambo wengi wenu hamlijui. Asubuhi hii, wakati wanaume wanachimba bustanini, Bibi Kashavva na wanawake wa Ijumaa walichukua majembe wakashuka shamba la chini. Wanawake hawachimbi kaburi, najua, na wao wanajua, mkiwatazama miguu mtaona udongo mweusi. Mtama umeota, umefika kifundoni, wameung'oa mche kwa mche na kuuweka kivulini ili urudishwe juu yake. Kaburi liko tayari, limeelekea mashariki, kando ya mama yangu, pana vya kutosha mtu kuketi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hubballi waliompunguzia maumivu na kumruhusu aje kufa kwake, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka thelathini na sita, majirani mliotuletea chakula tangu jana jiko letu lilipozimwa, mume wangu aliyesafiri usiku kucha, na vijana mliochimba chini ya mkwaju kwa mapenzi, jasho lenu halikupotea, nawaomba mlifukie shimo lile na mpande juu yake chochote kinacholiwa.

Wabebaji, tafadhali inueni kiti chake. Mkifika langoni mshike njia ya kushoto, ile ya kushukia shambani, mwendo wa taratibu, kuna mawe. Mimi natangulia. Appa, twende ukapumzike, amani iko kwa mama.